Kwilti na nguo, cherehani moja, meza moja: nyie mnajigawaje?

BandiNdefu
Wadau habari zenu. Hili jambo nimekaa nalo muda, naona bora nilimwage hapa maana nyumbani hakuna anayenielewa, wao wanaona nashona tu, kushona si ni kushona. Mimi nilianza na nguo, miaka kama sita iliyopita, sketi za lastiki kiunoni, baadaye magauni, mpaka nikafika kwenye mashati yenye kola. Afu mwaka jana nikaiona kwilti ya mtu, lile blanketi la viraka vya pembetatu (Kiswahili cha vitabuni mfarishi, ila sijawahi kumsikia mshonaji akiita hivyo), nikasema na mimi nijaribu moja. Moja tu! Sasa hivi nina mbili hazijaisha, moja iko kwenye mfuko ni vipande vitupu, nyingine imeshapigwa bandi (ile mishono mirefu ya muda) tabaka zote tatu, viraka juu, pamba katikati, kitambaa cha mgongo chini, inanisubiri chini ya kitanda, na huku kuna gauni limekatwa halina mikono tangu sijui lini.

Kabla hamjaniambia nigawe siku, nimeshagawa. Jumamosi nguo, Jumapili kwilti. Haikufika mwezi. Na si kwamba muda haupo, kinachonishinda ni KUHAMA. Kutoa vipande vya kwilti mezani bila kuvichanganya mpangilio, kubadili sindano, kubadili uzi, kubadili mguu wa cherehani, kutoa mkeka wa kukatia na kile kisu cha gurudumu nirudi kwenye mkasi na patani za karatasi, mpaka nimalize hayo saa nzima imeenda na hamu imeenda nayo.

Na ukishahamisha meza, mkono wenyewe haujahama. Wiki mbili zilizopita nimeshona blauzi, patani inataka nafasi ya mshono (kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo) sentimita 1 na nusu, mimi mkono umeshazoea robo inchi ya kwilti, ambayo ni kama milimita 6, nikaenda nayo hiyo hiyo kuanzia juu mpaka chini bila kujua. Blauzi ina mishono miwili ya ubavuni na miwili ya mbele inayoshuka kutoka begani, yaani minne, kila mshono una kingo mbili, kila ukingo nimeacha milimita 9 zaidi. Pigeni hesabu. Sentimita 7 na ushee! Nimevaa naona mbele kumetuna kama nimeficha mto. Na mikono nilikuwa nimeshaipachika.

Haya, nyie mnaofanya vyote viwili mnaishije? Au niachane na kimoja?

MkasiButu
Hahahaha pole. Ila hiyo ya kuwa kubwa ni nafuu, unashona tena kwa ndani basi. Mimi ilinitokea kinyume. Nimetoka kushona suruali mfululizo nikarudi kwenye kwilti, viraka tisa vya inchi 3 na nusu, ile ya tatu kwa tatu, bloku (mraba mmoja wa kwilti) itoke inchi 9 na nusu. Imetoka inchi 8 kamili. Nikadhani nimekata vibaya, nikapima rula, nikapima tena, nikaanza kumlaumu aliyetengeneza rula, kumbe nimeshona mshono wa suruali, ule mpana. Na sikushona bloku moja, nimeshona kumi na moja!! Maana mimi huwa nashona zote ndo napiga pasi.

BandiNdefu
Kumi na moja 😭 ulifumua?

MkasiButu
Nilifumua tatu, nane zikawa mito.

Mama_Viraka
Mwanangu BandiNdefu usiache chochote. Mimi nashona tangu cherehani zangu ni za kuzungusha kwa mkono, nguo nimeshona za watoto hadi za wajukuu, na kwilti nimeanza uzeeni, nikuambie nilichokiona.

Ulivyosema kuhama ndo kazi umesema kweli tupu, ila unahama safari nyingi kuliko unavyotakiwa. Chukua kwilti yenyewe, si kazi moja ile. Kuna kukata, kuna kuunga viraka, kuna kupiga pasi, kuna kupanga tabaka na kupiga bandi, kuna kushona tabaka tatu zikamatane, kuna pindo la mwisho. Katika hizo zote ni kuunga viraka tu ndo kunafanana na kushona nguo ya pamba. Sindano ile ile namba 80, uzi ule ule, kitambaa uzito ule ule, kinachotofautiana ni upana wa mshono. Lakini ukifika kushona tabaka tatu hapo ni dunia nyingine, unataka sindano nene kidogo, 90, unataka ule mguu mkubwa wenye meno yake unaovuta kitambaa cha juu sambamba na cha chini, unataka meza yote iwe tupu maana kwilti ikining'inia pembeni uzito wake unavuta na mishono inapinda.

Kwa hiyo mimi sigawi kwa siku, nagawa kwa sindano. Wakati naunga viraka, nguo ninazoshona ni za pamba tu, mashati, sketi, nguo za watoto. Vitambaa vya kuvutika, vya fulana, siviweki mezani kabisa kwa sababu vinataka sindano yake ile ya ncha butu, vinataka zigizaga, vinataka kuanza upya. Hivyo vinasubiri nimalize kuunga viraka vyote vya juu ya kwilti. Na nikianza kushona tabaka tatu sishoni nguo yoyote mpaka nimalize, hata kama ni wiki tatu, cherehani inakuwa ya kwilti peke yake.

Gauni lako la bila mikono ni la kitambaa gani?

BandiNdefu
Shikamoo mama. Ni pamba, ya kawaida, nyepesi kidogo kuliko ya kwilti. Yaani kumbe muda wote huu lingeweza kwenda sambamba na vile vipande vya kwenye mfuko.

Mama_Viraka
Marahaba. Lingekuwa limeshavaliwa hilo.

HanamuTu
Naongezea kwa Mama. Kuna ujanja mmoja wa zamani, weka kikapu cha viraka vidogo pembeni ya cherehani, umeshavikata tayari miraba miraba. Sasa unashona nguo, umefika mwisho wa mshono, badala ya kukata uzi unachukua viraka viwili umeviweka uso kwa uso unaviingiza nyuma ya nguo, unashona, ndo unakata kati ya nguo na viraka. Viraka vinabaki chini ya mguu, unaanza mshono mwingine wa nguo kuanzia hapo. Faida mbili, uzi haukwami mwanzoni mwa mshono wa nguo (mnajua ile cherehani inakula kona ya kitambaa), na ukimaliza shati una jozi za viraka kama thelathini zimejishona zenyewe.

Mimi kwilti yangu ya kitanda kikubwa sikuwahi kuikalia rasmi mpaka nilipofika kuunga bloku na bloku. Ilitoka kwenye mashati.

Fumua_Fumua
HanamuTu hii kwenye karatasi ni nzuri ila mimi imenishinda. Shati nashonea uzi mweusi, viraka vyangu vyeupe, uzi mweusi unaonekana kwa juu kama nyayo za mdudu. Na robo inchi je? Unahama kutoka sentimita 1 na nusu kwenda robo kila dakika mbili ndo njia ya kuharibu vyote viwili kwa mpigo. BandiNdefu katoka kutuambia mkono wake haubadiliki halafu mnampa dawa ya kubadili mkono mara thelathini kwa shati moja, jamani.

HanamuTu
Uzi tumia kijivu cha katikati. Sitanii, kijivu kisicho giza wala cheupe kinajificha kwenye karibu kila rangi kwa ndani, cheusi na cheupe ndo vinavyopiga kelele. Mishono ya juu inayoonekana kwenye shati, kola na pindo, hiyo ndo unabadilishia uzi wake.

Robo inchi usiitafute kwa macho. Chukua utepe wa karatasi ule wa gundi, bandika tabaka tano sita zipandane kwenye bamba la cherehani robo inchi kutoka kwenye sindano, unapata kaukuta kadogo, kiraka kinagonga ukuta kinanyooka chenyewe. Nguo inapita juu ya ukuta inafuata mstari wake wa mbali. Mkono haufikirii tena, unagonga ukuta ni kiraka, hugongi ni nguo.

Afu iwe robo PUNGUFU kidogo, upana wa uzi mmoja au miwili. Kitambaa kikikunjwa kwenye pasi mkunjo wenyewe unakula kidogo. Ukikosea milimita 1 na nusu tu kwa kila mshono, mstari wa viraka kumi una mishono tisa, kila mshono unakula pande mbili, umepoteza karibu sentimita 3, na mstari wa chini yake umekosea kivyake. Ndo pale watu wanavuta wanasema pasi italainisha. Haitalainisha.

KifungoKimoja
Mimi nitatoa ya tofauti, mniwie radhi. BandiNdefu nahisi husemi ukweli wote. Hebu jiulize lini unakimbilia kwilti. Mimi nilikuja kugundua nakimbilia kwilti kila nguo inapofika kwenye kujipima. Kukata sawa, kushona ubavu sawa, ikifika nivae nisimame mbele ya kioo nione kwapani kunavuta, kifuani kunapwaya, kiunoni hakufungi, basi ghafla nakumbuka kuna viraka havijapigwa pasi. Kwilti haina kiuno. Kwilti haikuambii umenenepa. Unailaza kitandani inakaa.

Gauni lako halina mikono kwa sababu ya meza au kwa sababu ukiweka mikono itabidi ulivae?

BandiNdefu
KifungoKimoja sikukujibu jana kwa makusudi nilikuwa nimenuna 😅

Ni kweli. Nililivaa bila mikono nikaona mgongoni linavuta, nikalikunja vizuri nikaliweka. Ndo jioni hiyo nikaanza kukata kwilti ya pili. Sikuwahi kuviunganisha hivyo viwili mpaka umesema.

KifungoKimoja
Karibu kwenye chama. Likivuta mgongoni katikati ya makwapa mara nyingi ni upana, mgongo wako unataka nafasi zaidi ya patani, na mbele unaweza ukawa sawa kabisa. Kabla hujapachika mikono una nafasi bado, fumua ubavu, toa nusu sentimita kila upande wa nyuma peke yake kutoka kwenye ile 1 na nusu yako, kipande cha mbele ukiache na mshono wake. Jipime kwa bandi usishone. Mimi sasa hivi kila patani mpya nashona ya majaribio kwanza kwa mashuka yaliyochoka, nachora juu yake kwa kalamu, nakata, nafumua, siionei huruma, na ikishamaliza kazi najua inakwenda kuwa mgongo wa kwilti. Hapo ndo nilipopata amani kati ya hivi vitu viwili, nguo ya majaribio haipotei.

Fumua_Fumua
Hilo la mashuka nimelipenda. Ila msije mkamdanganya mtu kwamba mabaki ya nguo yote ni kwilti, mimi nilidanganyika. Nina mifuko minne ya mabaki nasema ni ya kwilti, kuna polista inayoteleza, kuna fulana, kuna kitambaa cha suruali kizito kama turubai, kuna hariri ya bandia inayoyeyuka ukiigusa na pasi yenye joto la pamba. Ukivichanganya kwenye bloku moja kimoja kinavutika kingine kimekaza, ukifua mara mbili kile cha pamba kinasinyaa chenzake hakisinyai, kwilti inakuwa na vidonda.

Siku moja nilikaa nikachambua, pamba huku, vingine kule, mfuko mmoja tu ndo ukabaki. Mitatu nimeijaza kwenye viti vya sakafuni vile vya kukalia. Nilipumua, hujui. Mabaki yalikuwa yananidai.

MkasiButu
Kitambaa cha suruali usitupe bwana. Jinzi na kaki zinakaa vizuri ukizikata vipande vikubwa na kuziweka zenyewe kwa zenyewe. Kuna wale akina mama wa Gee's Bend, Alabama, Marekani, kwilti zao zilizokuja kuwekwa makumbusho ya sanaa Houston mwaka 2002 halafu New York, nyingi zimetoka kwenye nguo za kazi za shambani zilizochakaa. Kuna moja ya Missouri Pettway ya mwaka 1942, mumewe alifariki akachukua nguo zake za kazi akaziunga kwilti ajifunike. Ukiangalia picha unaona pale palipokuwa mfuko kitambaa kiko giza kwa sababu jua halikukifikia. Hakuna pembetatu wala nyota wala robo inchi ya kitaalamu, vipande virefu tu na mabaka.

Mimi nikiangalia zile huwa nacheka tunavyojiuliza kwilti au nguo.

Mama_Viraka
Umenikumbusha pia kantha za Bengal, sari zilizochakaa zinalazwa tabaka kwa tabaka zinapigwa mshono wa mkono wa kawaida, ule wa mbele mbele, bila pamba katikati. Zinalainika mpaka basi. Mtu asiyetaka cherehani igombaniwe afikirie mkono. Cherehani ya nguo, mkono wa kwilti, hakuna anayemsubiri mwenzake. Itachukua mwaka, miwili, sasa nani anakukimbiza.

BandiNdefu
Mama nimekaa na hilo la mkono. Ile iliyopigwa bandi chini ya kitanda nilikuwa naiogopa kwa sababu ni kubwa haipiti vizuri kwenye shingo ya cherehani yangu, nilishaijaribu upande mmoja nikaishia kupigana nayo kama naikunja ngozi ya ng'ombe. Ikienda kwa mkono basi meza inabaki huru.

Swali dogo, nyie mnafua kabla ya kukata? Nguo mimi nafua lazima. Kwilti nasikia wengine hawafui.

HanamuTu
Hapo watu hugombana mpaka asubuhi. Nguo fua, hakuna mjadala, kitambaa kikisinyaa asilimia 3 tu mita 2 zimekula sentimita 6 na gauni lako limekuwa blauzi. Kwilti wengine hawafui makusudi, wanataka isinyae ikishashonwa ipate ile mikunjo midogo ya kizamani. Ila wewe unayetoa vitambaa kwenye rundo moja kwa kazi zote mbili fua VYOTE vikiingia tu nyumbani. Kilichofuliwa na kisichofuliwa vikikutana bloku moja utalia. Na vyekundu vilivyokolea fua peke yake.

Lingine, kitambaa cha kwilti kwa kawaida upana wake ni inchi 42 hadi 44. Kuna patani za magauni zinazopigiwa hesabu ya inchi 60. Usije ukakata kwa matumaini. Na kina ubishi, kwa shati na sketi ya marinda kinafaa, kwa gauni la kudondoka mwilini hakidondoki, kinasimama.

Fumua_Fumua
Kama hema.

HanamuTu
Kama hema. Na ndo jina langu lilikotoka, hanamu, yaani mkato wa mshazari. Kwenye gauni unakata hanamu kwa kupenda, kitambaa kinalegea kinafuata mwili. Kwenye kwilti ukishakata pembetatu ule ukingo mrefu ni hanamu na ndo adui, ukiusukuma na pasi tu umevutika bloku imepinda. Kitambaa kile kile, mkato ule ule. Kwenye pembetatu pasi usiiburute, inyanyue na kuishusha. Mkono wa nguo unaburuta.

KifungoKimoja
Kuna mtu anakata kwilti za zamani kushona majaketi? Naona yako mengi siku hizi, ndo nguo na kwilti kwa pamoja.

Mama_Viraka
Kama imeshaoza nusu kata ile nzima iliyobaki. Kama ni nzima weka mkasi chini.

MkasiButu
Shona yako mwenyewe ukubwa wa patani ya jaketi, mbona rahisi. Nimefanya, unaunga viraka kila kipande kikubwa kuliko patani kidogo, unakishona na pamba nyembamba na bitana, ndo unakata umbo baadaye. Ukikata umbo kwanza, kushona tabaka kunakisinyaza, jaketi halifungi. Mishono ya ndani pia ni minene, punguza ile pamba kwenye mshono la sivyo begani unakuwa na kamba.

BandiNdefu
Wadau narudi na taarifa, wiki tatu sasa.

Nimebandika ukuta wa utepe kwenye bamba. Nimenunua uzi wa kijivu mkubwa mmoja. Gauni nililifumua ubavu nikatoa nusu sentimita nyuma kama KifungoKimoja alivyosema, nikapiga bandi, nikavaa, nikainua mikono, halivuti. Mikono nimepachika Jumanne usiku na kati ya mshono na mshono nimesukuma viraka, jozi 22. Zile pembetatu nimeziacha, naanza na miraba kwanza, Fumua_Fumua alikuwa sahihi kwamba mara ya kwanza kichwa kinazunguka, nilishona mkono mmoja wa gauni kwa robo inchi nikashtuka katikati.

Kwilti ya bandi iko kwenye kiti, nashona kwa mkono mistari miwili mitatu kila usiku. Kuna mstari mmoja umepinda vibaya kweli, mishono yangu mikubwa kama meno ya mtoto. Siufumui.

Blauzi yenye mto mbele bado. Sijaigusa.

MkasiButu
Picha ya gauni?

BandiNdefu
Pindo bado 🙈

KifungoKimoja
Unakata kwilti ya tatu wewe.

BandiNdefu
Nimekata vipande vinne tu vya kujaribia rangi.